Beit al-Ajaib: Jumba, Mnara na Chokaa

Kila linapotajwa Beit al-Ajaib, jumba jeupe lenye baraza pana linalotazama bustani ya Forodhani mjini Zanzibar, mazungumzo huchanganyika upesi. Mmoja atasema lilikuwa makazi ya Sultani na familia yake. Mwingine atasema mizinga ya Waingereza ndiyo iliyolibomoa. Wa tatu atasema liliporomoka kwa uzee, na kwamba kuta za namna ile zikishazeeka hazina dawa. Tangu tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya upande wa mbele wa jumba pamoja na mnara wa saa ilipoanguka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha, maneno hayo yamezidi kusambaa, na mengi hurudiwa kama kwamba yamethibitishwa. Nitaanza na majina, kisha nipite kwenye historia, na mwisho nikae zaidi kwenye mawe, chokaa, boriti na maji, kwa kuwa anayetaka kuielewa nyumba yoyote ya Mji Mkongwe hana budi kujua imejengwa kwa nini na inaumwa wapi.

Jina lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni nyumba ya maajabu. Mkanganyiko wa kwanza unatokana na wingi wa majumba yaliyoanza kwa neno hilo hilo Beit. Beit al-Mtoni liko nje ya mji, upande wa kaskazini, nalo ni la zamani zaidi. Lilikuwa la Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, na ndiko alikozaliwa bintiye Sayyida Salme mwaka 1844. Beit al-Sahel, yaani nyumba ya pwani, lilikuwa ufukweni mwa mji na ndimo familia ilimoishi. Beit al-Hukm lilijengwa jirani yake kwa ajili ya wanawake wa jumbani. Beit al-Ajaib lilikamilika mwaka 1883, likawa la tatu katika safu hiyo ya ufukweni, na kazi yake hasa ilikuwa kupokea wageni na kufanyia sherehe za dola. Majumba hayo matatu yaliunganishwa kwa njia zilizoezekwa zilizopita juu ya vichochoro, ili wanawake wa jumbani watembeleane bila kuonekana na wapita njia.

Kwa msomaji aliyekulia katika nyumba ya Waswahili, mpango huo si mgeni. Nyumba ina sehemu ya mbele ambako mgeni hukaribishwa, akapewa kahawa na kuzungumzishwa, na ina ndani, ambako mgeni hapiti bila kuambiwa. Beit al-Ajaib ilikuwa ile sehemu ya mbele, isipokuwa badala ya chumba kimoja lilijengwa jumba zima la ghorofa, refu kuliko majengo yote ya mji. Kwa hiyo anayesema Sultani alijenga jumba lile ili alale humo na watu wake ameichukulia sebule kuwa ndiyo ndani.

Neno jingine la kufafanua ni Mji Mkongwe. Mgeni akisikia ukongwe hudhani kila ukuta una umri wa miaka mia tano. Ukweli ni kwamba nyumba nyingi za mawe tunazoziona Shangani, Hurumzi, Kiponda, Mkunazini na Malindi ni za karne ya 19, zilizojengwa wakati biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa ilipokuwa imeshika kasi. Ngome Kongwe, iliyo jirani kabisa na Beit al-Ajaib, ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwaka 1698, kwa hiyo inalizidi jumba lile kwa karibu miaka mia mbili, na bado imesimama. Umri peke yake, basi, haueleze kwa nini jengo moja linaanguka na jingine linabaki.

Jumba la mtu aliyekuwa na haraka

Aliyelijenga ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Kabla ya kutawala, aliwahi kumpinga ndugu yake Sayyid Majid, aliyekuwa akitawala, akashindwa, na mwaka 1859 akapelekwa uhamishoni Bombay, ambako aliuona mji mkubwa wa bandari wenye majengo ya baraza pana na nguzo za chuma. Mwaka 1875 alizuru London. Mambo hayo mawili yanafaa kukumbukwa na yeyote anayesimama mbele ya jumba lile akajiuliza kwa nini halifanani na nyumba za jirani. Barghash hakuwa akiiga nyumba ya Kiunguja wala ya Muscat. Alikuwa akijenga kile alichokwisha kukiona ng'ambo ya bahari, kwa mafundi na mawe ya kwao.

Wakati wake haukuwa mwepesi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kulifunga soko la Mkunazini. Hata hivyo alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za Chemchem, akajenga jumba la Maruhubi, na kisha Beit al-Ajaib, mahali ambapo karne ya 17 palikuwa na jumba la Malkia Fatuma, mwanamke aliyeitawala Unguja. Jumba jipya likawa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Hayo ndiyo yaliyokuwa maajabu kwa watu wa wakati ule. Miaka mitatu tu baada ya jumba kukamilika, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Sultani ukanda mwembamba wa mwambao na kugawana bara, na mwaka 1890 Zanzibar yenyewe ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Sebule kubwa ilikuwa tayari, lakini wageni waliokuja walikuja na mambo mengine.

Hapa tugusie hadithi mbili ambazo watembeza wageni huzipenda. Ya kwanza ni kwamba milango ilifanywa mipana ili Sultani apite akiwa amempanda tembo. Milango ile ni mikubwa na imechongwa kwa ufundi wa hali ya juu, ikiwa na aya za Kurani, lakini mlango mkubwa wa kuchonga katika mwambao huu umekuwa daima alama ya heshima ya mwenye nyumba, na haukuhitaji tembo ili uwe mpana. Ya pili ni kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo ili jumba lisimame imara. Hadithi hii hutajwa kwa majengo mengi ya mwambao na haina ushahidi. Ninasikitika kila ninapoisikia, kwa sababu inaficha jambo lililo kweli na lililo zito zaidi: utajiri uliolijenga jumba hilo ulitoka kwenye mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na utumwa Unguja na Pemba haukupigwa marufuku kisheria hadi mwaka 1897, miaka 14 baada ya jumba kukamilika. Hakuna haja ya kubuni mifupa chini ya nguzo wakati jasho la watu hao linaonekana katika kila jiwe.

Sasa mizinga. Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia jumbani na kujitangaza Sultani. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed. Walimpa Khalid hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti aondoke. Hakuondoka, na manowari zikafyatua mizinga. Vita hiyo iliisha katika muda usiozidi dakika 45, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliharibiwa kabisa, na mahali pake leo pamebaki bustani. Beit al-Sahel iliharibiwa vibaya ikajengwa upya. Beit al-Ajaib lenyewe lilipata majeraha madogo, na kwa hiyo si kweli kwamba Waingereza walilibomoa. Kilichoangushwa mbele yake ni mnara wa taa uliokuwa umesimama peke yake karibu na ufukwe. Matengenezo yalipofanyika mwaka 1897, mnara mpya wenye saa uliunganishwa na upande wa mbele wa jumba.

Naomba msomaji aishike habari hiyo ya mnara. Watu wengi walipoziona picha za mwaka 2020 walilia kwamba mnara wa Barghash umeanguka. Barghash alikufa mwaka 1888 na hakuwahi kuuona mnara ule. Jumba tulilolizoea, lenye uso uliogawanywa katikati na mnara wa saa, ni jumba la mwaka 1883 lililobebeshwa mnara wa mwaka 1897. Baadaye lilibadilishwa tena na tena: mwaka 1911 likawa ofisi za serikali ya kikoloni, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 likawa mikononi mwa Chama cha Afro-Shirazi kwa shughuli zake za mafunzo na makumbusho, na mwanzoni mwa karne hii likawa makumbusho ya historia na utamaduni, ambapo mfano wa mtepe, jahazi la kale lililoshonwa kwa kamba bila misumari, uliwekwa ukumbini, kwenye uwazi wa katikati. Mwaka 2012 sehemu ya baraza na paa ilianguka, na jumba likafungwa kwa umma.

Mtungi na ndoo ya plastiki

Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe haijengwi kwa mawe kwa maana ambayo wengi wanaidhania, yaani mawe magumu yaliyochongwa na kupangwa. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa, ya ukubwa tofauti, yaliyofungwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yale yale juu ya rundo la kuni, kisha kuyamwagia maji. Ukuta hufanywa mnene, mara nyingi nusu mita au zaidi, kwa sababu nguvu yake inatokana na unene na uzito wake, wala si ugumu wa jiwe mojamoja. Juu yake hupakwa chokaa safi, tabaka juu ya tabaka.

Dari na sakafu za ghorofa hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko, ambayo vichwa vyake vimezamishwa ndani ya ukuta. Boriti zikishapangwa kwa kukaribiana, juu yake humwagwa vipande vya mawe na chokaa, na kazi hiyo hupigiliwa kwa vigongo kwa siku kadhaa, zamani kwa nyimbo, mpaka ikawa ngumu na kubana. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Boriti haiwezi kuvuka zaidi ya takriban mita mbili na nusu hadi tatu bila kulegea, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, ni virefu na vyembamba. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu ujenzi anaweza kuupima mmea wa mkoko kwa kutembea chumbani kutoka ukuta hadi ukuta.

Jambo ambalo halieleweki sana ni uhusiano wa ukuta huu na maji. Chukua mtungi wa udongo wa kuhifadhia maji ya kunywa na uuweke pembeni mwa ndoo ya plastiki. Mtungi hutoa jasho: maji kidogo hupenya kwenye udongo, hufika nje, hukauka kwa upepo, na kwa kukauka huko maji ya ndani hupoa. Ndoo haipitishi kitu. Ukuta wa chokaa ni mtungi. Unanyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha unautoa wenyewe jua likiwaka na upepo wa bahari ukivuma. Ukiachwa hivyo, hupata maji na kukauka kila mwaka bila kudhurika.

Sasa uupake saruji. Saruji ni ngumu na inaziba. Inaufanya mtungi kuwa ndoo. Unyevu ulioingia kutoka chini au kwenye ufa mdogo wa juu haupati pa kutokea, unabaki ndani, na chumvi iliyomo katika mawe ya bahari inayeyuka, inasogea na kuganda tena nyuma ya lipu, ikiisukuma. Nje ukuta unaonekana mpya kwa mwaka mmoja au miwili. Ndani, mchanganyiko wa chokaa na udongo unalainika, na vichwa vya boriti vilivyozikwa humo vinaoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Niliwahi kusimama katika kichochoro cha Kiponda wakati fundi akiondoa lipu ya saruji kwa patasi. Lipu ilitoka kwa vipande vikubwa, ngumu kama sahani, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa ilhali mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa. Alipofika kwenye kichwa cha boriti alikiingiza kidole. Kikaingia mpaka kwenye fundo la pili, na alipokitoa kilikuwa na unga mwekundu unaonuka ukungu. Katikati ya chumba, boriti hiyo hiyo ilikuwa nzima na ngumu kiasi cha kurudisha msumari.

Methali inatuhimiza kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta, na katika Mji Mkongwe watu wengi wameitii kwa moyo safi. Swali ambalo methali hailiulizi ni ufa unazibwa kwa nini. Mwenye nyumba anayenunua mfuko wa saruji anafanya anachoona kila mtu akikifanya, na hana wa kumlaumu.

Beit al-Ajaib lina kuta za mawe ya matumbawe na lina boriti, kama nyumba za jirani zake. Lakini Barghash alitaka kumbi pana na dari za juu kuliko mkoko unavyoruhusu, na kwa hiyo ziliongezwa nguzo za chuma cha kusubu kuzunguka nje, mihimili ya chuma na mabamba ya zege. Hizo ni nyumba mbili katika jengo moja: moja inayopumua na kunyonya, nyingine ya chuma. Chuma kikikaa mkavu hudumu, lakini hewa ya Forodhani ina chumvi, na chuma kilichopata maji ya chumvi hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo mhimili uliozikwa ukutani ukishika kutu huvimba na kulipasua jiwe linaloushika, ufa huo unaingiza maji zaidi, na maji yanaongeza kutu. Juu ya yote hayo kuna paa. Paa likivuja katika jengo la namna hii, maji hushuka ndani ya unene wa ukuta, hukutana na boriti na chuma kwa pamoja, na huendelea kufanya kazi miaka mingi kabla ya doa la kwanza kuonekana kwenye rangi.

Ndiyo maana ninapinga kauli ya uzee. Jengo la chokaa halina umri wa kufa kama mtu alivyo nao. Lina mahitaji, na la kwanza ni paa lisilovuja na michirizi inayopeleka maji mbali na ukuta.

Nyumba ni ya nani

Wako wanaosema kwamba kwa kuwa Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, basi nyumba ni za UNESCO na UNESCO ndiyo inayopaswa kuzitengeneza. Sivyo. Orodha ile ni sawa na cheti cha kutambuliwa, na nchi inayokipokea ndiyo inayoahidi kutunza. Umiliki unabaki ulivyokuwa: nyumba nyingine ni za serikali, nyingi zikiwa zimetaifishwa baada ya mwaka 1964; nyingine ni za wakfu; nyingine za watu binafsi. Tangu mwaka 1985 kuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na sheria yake inamtaka mwenye nyumba kuomba kibali kabla ya kujenga au kubomoa. Ugumu mkubwa uko kwenye nyumba zinazokaliwa na kaya nyingi, kila kaya chumba chake, ambamo kila mmoja anapaka rangi kwake na paa, ambalo halimo katika chumba cha mtu yeyote, linavuja juu ya wote. Ukarabati wa Beit al-Ajaib uliokuwa ukiendelea mwaka 2020 ulifadhiliwa na Serikali ya Oman, na hilo nalo limezaa uvumi kwamba jumba limeuzwa. Kufadhili matengenezo si kununua, na jumba ni mali ya Zanzibar.

Limebaki swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote: likijengwa upya, litakuwa jumba lile lile? Kwa historia tuliyoipitia, jumba hilo limebadilishwa tena na tena tangu lilipojengwa. Kinachoweza kuhifadhiwa ni namna ya kujenga: mawe ya matumbawe yaliyoanguka yakatumika tena, boriti zikakatwa kwa kipimo cha zile zilizooza, na ukuta ukafungwa kwa chokaa badala ya saruji. Kazi hiyo haikubali kuharakishwa. Chokaa iliyochomwa ikishamwagiwa maji huachwa ndani ya maji wiki nyingi, na mafundi wazuri huiacha miezi, mpaka ilainike kama mtindi ulioganda. Kisha hupakwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likingojea lililotangulia livute hewa na kushika, na ukuta hulowanishwa kila asubuhi na kufunikwa kwa magunia mabichi ili jua la Forodhani lisiikaushe kabla ya wakati wake.